Hisa Zilizotolewa Pasipo Haki: Mhadhara juu ya Magomvi ya Wanahisa katika Kampuni za Madini



Jambo nililoombwa kulisemea jioni hii, yaani magomvi yanayozuka baina ya wenye hisa wa kampuni za madini pale hisa zinapotolewa pasipo haki, laweza kudhaniwa na mwenye kulisikia kwa mara ya kwanza kuwa ni la mawakili na wahasibu peke yao. Walakini mimi silihesabu hivyo, kwa sababu mali inayopotea katika magomvi haya aghlabu si mali ya matajiri wakubwa, ambao wana watu wa kuwatahadharisha mapema, bali ni akiba ya mwalimu mstaafu, ya mjane, au ya mwenye duka moja, aliyeambiwa kwamba katika nchi fulani uko mlima wenye dhahabu, naye akatoa fedha zake kwa kuiamini karatasi.

Na tuanze na karatasi yenyewe. Mwenye hisa hana fungu la mawe ya mgodi awezalo kulionyesha kwa kidole akasema hili ni langu. Alicho nacho ni sehemu katika jumla, basi. Akiwa na hisa 100 katika kampuni yenye hisa 1,000, ana sehemu moja katika kumi ya gawio, ya kura, na ya kitakachosalia siku kampuni itakapovunjwa. Sasa wakurugenzi wakiketi faraghani, wakaandika katika daftari la wanahisa hisa nyingine 1,000 kwa jina la mtu wao, na mtu huyo asilete thamani iliyo sawa na alichopewa, hati ya yule wa kwanza haikuguswa na mkono wa mtu, imo sandukuni kama alivyoiweka, muhuri wake mzima na hesabu yake ile ile ya 100. Ilhali sehemu yake imeshuka kutoka moja katika kumi ikawa moja katika ishirini, na hakuna aliyemgongea mlango kumpa habari. Dhuluma ya namna hii haina kelele wala haiachi alama, ndiyo maana huchukua miaka kugunduliwa.

Katika biashara nyingine mna kinga fulani, kwani mashine za kiwanda huhesabika, na meli hukaguliwa bandarini na mtu yeyote mwenye macho. Mali ya kampuni ya madini, hasa ile changa, imefunikwa na ardhi; kima chake ni dhana ya mhandisi juu ya miamba asiyoiona, na wahandisi wawili wenye ikhlasi sawasawa waweza kutofautiana mara kumi. Basi mtu atakaye kujipatia hisa nyingi kwa kitu kidogo hana haja ya kusema uongo ulio bayana. Yamtosha kuyapandisha matumaini yake mpaka yafike mahali anapopataka, kisha akayaita thamani.

Kesi ya kwanza niwaleteayo haina hila yoyote ndani yake, nami naitanguliza makusudi, maana hiyo ndiyo inayopima kanuni. Kampuni ya Ooregum ilikuwa na mgodi wa dhahabu huko Kolar, katika dola ya Mysore kusini mwa India, mahali ambapo baadaye migodi ilichimbwa hata ikapita kina cha meta 3,000, na ambapo kazi ilikoma mwaka 2001. Katika miaka ya 1880 kampuni hiyo iliishiwa na fedha kabla haijafikia dhahabu ya kutosha, na hisa zake za pauni moja zikawa zauzwa sokoni kwa shilingi 2 na peni 6. Nani basi atakayelipa pauni nzima kwa hisa mpya, na hali ya zamani yapatikana kwa sehemu ya nane ya pauni? Wenye kampuni wakakata shauri kutoa hisa za upendeleo za pauni moja moja, kwa sharti kwamba shilingi 15 za kila hisa zihesabiwe kuwa zimekwisha kulipwa, na mnunuzi atoe shilingi 5 tu. Haya hayakufanywa gizani, na walionunua walitia fedha zao katika chombo ambacho wengine walikuwa wakikikimbia. Kampuni ikaokoka, dhahabu ikapatikana, hisa zikapanda. Hapo ndipo mwenye hisa za kawaida, jina lake Roper, akaenda mahakamani akidai kwamba utoaji ule haukuwa halali.

Shauri likafika mpaka Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, na mwaka 1892 Roper akashinda. Malodi walikiri kwamba mapatano yale yalifanywa kwa nia safi, na kwamba yamkini hayakuwapo mengine bora kwa wakati ule. Lakini wakasema kwamba kampuni haina mamlaka ya kutoa hisa chini ya thamani iliyoandikwa juu yake, na kwamba wenye hisa zile wanawajibika kwa shilingi 15 zilizosalia. Sababu yao ni nzito, nayo yastahili kufuatwa polepole. Sheria humpa mwenye hisa neema kubwa, kwamba kampuni ikifilisika wadai hawatamfuata nyumbani kwake kuchukua kitanda na sahani. Na badala ya neema hiyo humtaka jambo moja tu, kwamba kiasi alichoahidi kwa kuchukua hisa ya pauni moja kiwe ni pauni moja kweli. Kampuni ikimsamehe robo tatu ya ahadi yake, imesamehe deni ambalo si lake peke yake, maana wadai ambao bado hawajaijua kampuni hiyo, watakaoiuzia kesho mbao na makaa na baruti, watakuja wakisoma mtaji ulioandikwa, na wataamini kwamba fedha zile zilitiwa.

Hukumu hiyo ni chungu. Waliokuja siku ya shida walitozwa, na aliyefaidika ni mtu ambaye hisa zake zisingekuwa na thamani yoyote lau hao wasingejitokeza. Mimi naiona kuwa hukumu ya haki pamoja na uchungu wake, kwa sababu inamhesabu mtu asiyekuwapo mkutanoni. Neno hilo, la mtu asiyekuwapo, naomba mlishike, kwa kuwa juu yake ndipo litakapogawanyika shauri kubwa zaidi nitakalolieleza sasa.

Maana wafanyabiashara hawakukawia kuona mlango uliobaki wazi. Sheria ilikataza kutoa hisa ya pauni kwa shilingi 5 taslimu, lakini haikukataza kutoa hisa kwa mali badala ya fedha, na mahakama za Uingereza na za Marekani zilikuwa na mwendo wa kukubali thamani waliyoipanga wakurugenzi maadamu hapakuthibitishwa hadaa. Katika kambi za migodi za magharibi ya Marekani ikawa ada ya kila siku: mtafutaji madini huipa kampuni haki ya kuchimba katika kiwanja chake, naye hupewa hisa zote za kampuni kana kwamba kiwanja kile kina thamani ya mamilioni, kisha huzirudisha baadhi yake kwa kampuni kama zawadi; na kwa kuwa hisa zilizorudishwa huhesabiwa kuwa zilikwisha kulipiwa kikamilifu, kampuni huziuza kwa senti chache bila kuivunja kanuni. Wenyewe waliziita hisa zilizotiwa maji, na mwenye kununua maziwa mlangoni kila asubuhi hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1895 watu wawili wenye nguvu katika biashara ya shaba, Albert Bigelow wa Boston na Leonard Lewisohn wa New York, walikuwa wamejipatia pamoja na wenzao mamlaka juu ya kampuni ya Baltimore iliyomiliki mgodi wa shaba wa Old Dominion, katika mji wa Globe huko Arizona, na pia juu ya viwanja fulani vilivyopakana nao. Wakaasisi kampuni mpya kwa sheria ya jimbo la New Jersey, yenye hisa 150,000 za dola 25 kila moja. Kisha wao wenyewe, kwa mikono ya wakurugenzi waliokuwa chini ya amri yao, wakaiuzia kampuni yao mpya mali ile: hisa 100,000 kwa mali ya kampuni ya Baltimore, na hisa 30,000 kwa vile viwanja vya kando. Hisa 20,000 zilizosalia zikauzwa kwa umma, dola 25 taslimu kila moja, zikaleta dola 500,000 za kuendeshea kazi. Wanunuzi hao hawakuelezwa faida waliyoipata waasisi.

Na tuhesabu pamoja. Hisa 130,000 kwa thamani iliyoandikwa ni dola 3,250,000. Mali iliyotolewa badala yake, kwa maelezo ya upande uliokuja kushitaki baadaye, haikuzidi kiasi cha dola milioni moja. Tukiikubali kadiri hiyo, siku ambayo mnunuzi wa mwisho alilipa fedha zake, kampuni ilikuwa na mali ya milioni moja na fedha nusu milioni, jumla dola 1,500,000, nazo zikigawanywa kwa hisa 150,000 kila hisa hupata dola 10. Mtu aliyetoa dola 25 dirishani aliondoka na kitu cha dola 10, na zile 15 zilikuwa zimekwisha kuingia katika mafungu ya waasisi kabla haijachimbwa ratili moja ya shaba kwa fedha zake. Wala haifai kujibu kwamba mgodi wa Globe uliendelea kutoa shaba kwa miaka mingi hata ukafungwa mwaka 1931, kwani kila dola ya faida iliyopatikana iligawanywa kwa uwiano ule ule uliopotolewa tangu mwanzo.

Baada ya uongozi kubadilika, kampuni yenyewe ikawashitaki waasisi wake. Bigelow alishitakiwa katika mahakama za Massachusetts. Na kwa kuwa Lewisohn alikuwa amefariki, wasimamizi wa mirathi yake walishitakiwa New York, katika mahakama za shirikisho. Mauzo ni yale yale, na mashahidi ni wale wale. Majibu yakawa mawili yasiyopatana hata kidogo.

Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Oliver Wendell Holmes, ambaye yeye mwenyewe alipata kuwa Jaji Mkuu wa Massachusetts, ikawaachilia warithi wa Lewisohn. Alisema kwamba wakati wa mauzo kampuni haikuwa na wanachama wengine isipokuwa wale waliouza; wote walijua, wote waliridhia; kwa hiyo kampuni haikudhulumiwa, na jambo lililokuwa halali jana haliwezi kugeuka haramu kwa sababu leo wameingia wageni. Aliyehadaiwa na ashitaki kwa nafsi yake. Fauka ya hayo, akasema, kampuni ikilipwa, sehemu 13 katika 15 za malipo zitarudi kwa wale wale wenye hatia, kwa kuwa ndio wenye hisa 130,000 katika 150,000.

Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya Massachusetts, kwa kalamu ya Jaji Arthur Rugg, ikamhukumu Bigelow alipe zaidi ya dola milioni 2. Rugg aliliangalia shauri lote tangu siku ya kwanza: zile hisa 20,000 za umma hazikuwa wazo lililozuka baadaye, zilikuwa sehemu ya mpango uliopangwa kabla kampuni haijazaliwa, na mwasisi ni mtu mwenye amana ya kampuni, na amana hiyo huwafunika wale ambao mpango wenyewe umewakusudia kuwaingiza. Hakuwakataza waasisi faida. Aliwaonyesha njia nne ambazo kwa mojawapo wangeweza kuiuzia kampuni mali yao na kulala usingizi: waweke halmashauri ya wakurugenzi walio huru, waieleze kila kitu, au wawaeleze wanunuzi wote wa kwanza wa hisa, wa umma pamoja na wao, au wangoje mpaka kampuni iwe na wanahisa huru, wao wajue na waridhie, au wazichukue wao wenyewe hisa zote zilizokusudiwa kutolewa, asiwepo mgeni wa kudhurika. Bigelow na mwenzake hawakuifuata hata moja.

Bigelow akakata rufaa, akidai kwamba hukumu iliyomnusuru Lewisohn imnusuru na yeye. Mwaka 1912 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamjibu kwamba hakuwa miongoni mwa wenye shauri lile, basi hawezi kujifunika kwalo. Mmoja akalipa mamilioni, na warithi wa mwenziwe hawakulipa hata senti, kwa tendo walilolifanya pamoja.

Mimi nasimama na Rugg, nami nasema hivyo huku nikijua kwamba hoja ya Holmes ina mantiki ngumu kuvunja. Ubaya wake ni kwamba inahesabu watu waliomo chumbani tu. Kama ridhaa ya wauzaji ndiyo ridhaa ya kampuni kwa sababu tu wameufunga mlango hata wamalize, basi kila mwasisi atajifunza kuufunga mlango. Na haki ya kushitaki kwa nafsi yake, anayoachiwa mnunuzi mmoja mmoja, ni haki ya karatasi, kwani mwenye hisa kumi hawezi kumwita mhandisi kutoka mbali aje athibitishe kima cha mwamba. Na kuhusu zile sehemu 13 katika 15, kampuni ikipata haki yake kwa ukamilifu, na mwenye hatia akarudishiwa sehemu yake kama mwanahisa, waliobaki wamepata chao. Kumnyima mnyonge kwa kuogopa kwamba mkosaji naye atanufaika ni insafu ya namna gani?

Dawa waliyoitafuta Wamarekani baadaye, kuanzia sheria ya New York ya mwaka 1912, ilikuwa kuruhusu hisa zisizoandikwa thamani yoyote, ili karatasi isimdanganye mtu. Ilifaa kwa kiasi chake, lakini uwiano ndio unaoibwa, na uwiano huibika hata pale ambapo karatasi haina tarakimu.

Iko namna nyingine ambayo nitaipitia kwa haraka, ya hisa zinazotolewa kwa bei nzuri ila kwa kusudi lenye shaka. Huko British Columbia, nchini Kanada, kampuni ndogo ya Afton iligundua shaba karibu na Kamloops, na kampuni ya Teck ikaanza kununua hisa zake sokoni hata ikafikia wingi wa kura. Wakurugenzi wa Afton, ambao waliona kwamba kampuni nyingine, Canex, ingeuendeleza mgodi vizuri zaidi, wakafanya nayo mkataba wa kuipatia hisa, na kwa mkataba huo wingi wa Teck ukavunjika. Mwaka 1972 Jaji Thomas Berger aliwakubalia wakurugenzi, kwa kuwa waliamini kwa nia safi, na kwa sababu zenye msingi, kwamba kampuni ingedhurika. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya kampuni ya Australia, Privy Council, mahakama ya rufaa iliyoketi London, ikashika mkazo zaidi: nia safi peke yake haitoshi, na uwezo wa kutoa hisa hautumiwi kwa kusudi la kuwapokonya walio wengi wingi wao. Mimi huupenda mkazo huo. Wakurugenzi wameajiriwa na wenye mali. Hawakupewa kazi ya kuwachagua watakaowaajiri.

Haya yatuhusu sisi kwa nasaba ya sheria, maana Sheria ya Makampuni ya Tanganyika ya mwaka 1932 ilitoka katika shina la Kiingereza, na ile ya mwaka 2002 iliyoirithi haikuliacha shina hilo. Lakini yatuhusu zaidi kwa jambo jipya. Mwaka 2017 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Madini, likaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni zenye leseni ya uchimbaji au leseni maalumu ya uchimbaji, hisa zisizolipiwa na, hili ndilo lenye uzito kwetu jioni hii, zisizoweza kupunguzwa kwa kutolewa hisa nyingine. Kwa kanuni hiyo ndipo Serikali iliposhika asilimia 16 zake katika mapatano na kampuni ya dhahabu ya Barrick yaliyotiwa saini Januari 2020. Walioandika kifungu hicho waliielewa vema dhuluma niliyoieleza mwanzo, ile ya hati isiyoguswa na sehemu inayoyeyuka, wakaifungia mlango kwa upande wa umma.

Nalisifu hilo, na papo hapo natazama upande wa pili wa hesabu. Kampuni ikihitaji mtaji na kutoa hisa mpya, na zile 16 zikabaki 16, basi uzito wote wa kupunguzwa huwaangukia wenye 84 zilizosalia. Na ikiwa miongoni mwao wamo wenyeji walionunua hisa zao kwa mshahara, kwao bei ya hisa mpya, na jina la anayepewa, ni mambo yenye kugusa mfuko moja kwa moja. Uingereza, tangu sheria yake ya mwaka 1980, huwapa wanahisa waliopo nafasi ya kwanza ya kununua hisa mpya zinazotolewa kwa fedha taslimu, nayo ni kinga njema. Ila haimfai asiye na fedha siku hiyo, wala haizuii hisa zinazotolewa kwa mali, ambao ndio mlango waliopitia Bigelow na Lewisohn.

Kwa hiyo, katika kila waraka wa matarajio wa kampuni ya madini, na katika kila taarifa ya mkutano mkuu inayoomba ruhusa ya kutoa hisa mpya, ningependa pawe na ukurasa mmoja wa lugha nyepesi, unaotaja ni nani aliyeiuzia kampuni mali hiyo, yeye aliipata kwa kiasi gani na lini, amepewa hisa ngapi badala yake, ana undugu au ushirika gani na wakurugenzi waliompa, na mwenye hisa 100 leo atakuwa na sehemu gani ya jumla baada ya utoaji huo. Habari hizo zote zimo tayari katika madaftari ya kampuni na katika mikataba iliyotiwa saini, na mwandishi wa kampuni aweza kuzikusanya kwa kazi ya siku chache, zikawafikia wanahisa pamoja na wito wa mkutano, kabla kura haijapigwa.